Wiski ya Hirst

Dakika 45 kabla ya onyesho letu la pili, nilitoa chupa kwenye friji nikakuta wiski ya Hirst imekuwa kama maji ya mtaroni. Tulikuwa kwenye ukumbi mdogo kusini mwa London, tukiigiza No Man's Land ya Harold Pinter, na vifaa vya jukwaani vilikuwa mikononi mwangu.

Katika tamthilia hiyo kosa kama hili halifichiki. Inaanza na Hirst, mwandishi mzee mwenye mali, akimmiminia wiski Spooner, mshairi aliyechakaa aliyekutana naye Hampstead, mtaa wa London, na tangu hapo glasi hazikauki. Mwaka 1975 Ralph Richardson ndiye aliyekuwa Hirst wa kwanza, John Gielgud akawa Spooner. Mwanzoni mzee hasemi mengi, kwa hiyo watazamaji humsoma mkono. Wengine humwigiza akipepesuka tangu anaingia, nami naona wanaharibu: kwake wiski ni maji ya kunywa. Mkono unaomimina bila kutetemeka ndio unaotisha.

Wiski yetu ilikuwa chai ya rangi: vifuko viwili vya majani, lita moja ya maji moto, dakika nne, basi. Juisi ya tufaha tuliikataa, hunata kooni. Kosa langu lilikuwa friji. Chai ikipoa sana, tanini yake, ile inayoipa ukakasi, hugandana, chai ikakosa uangavu. Dawa ni joto. Nikaisimamisha chupa kwenye beseni la maji moto, ikarudia rangi ya asali.

Balaa likaja kwenye glasi. Kuna mahali Hirst anamrushia Spooner glasi, kinyonge, idunde zuliani, kisha anaanguka na kutoka akitambaa. Glasi ilikuwa ya kitako kizito, haivunjiki, na kwenye mazoezi hapo ilibaki na tone tu. Usiku ule mwigizaji alikuwa amejimiminia nusu nzima. Zulia likalowa chapachapa, naye akatambaa juu yake. Mtu wa mstari wa mbele akacheka. Mzee wetu hakuharakisha. Alikiinua kiganja kilicholowa, akakitazama kwa muda, akaendelea kuelekea mlangoni. Kicheko kikakatika.

Wakati wa mapumziko nilipambana na lile doa kwa taulo na mashine ya kukaushia nywele. Halikutoka. Sehemu ya pili ni asubuhi yake: Hirst anaingia mchangamfu, anamwita Spooner "Charles", kana kwamba ni rafiki wa zamani. Alipofika pale aliliruka doa, bila kutazama chini.