Wiki sita kwenye kimbweta: ninavyopanga kozi ya wanachama wapya

Kozi ya kuwapokea wanachama wapya wa kikundi chetu cha kujitolea chuoni naipanga kuanzia mwisho. Najiuliza kwanza: mshiriki akimaliza wiki ya sita aweze kufanya nini ambacho mwanzoni hakukiweza? Jibu ninalolishikilia ni moja. Akiletewa wazo la mradi pamoja na bajeti yake, akae nalo nusu saa, kisha aseme linafaa au halifai na atoe sababu. Kisichomfikisha hapo nakikata, ikiwemo historia ya kikundi na nasaha za mlezi. Mlezi mpe siku ya kukabidhi vyeti, atafurahi zaidi.

Wiki ni sita kwa sababu ya kalenda ya chuo. Semista ina wiki kumi na tano hivi. Mbili za mwanzo mwaka wa kwanza wako kwenye foleni za usajili, vyumba na bumu, yaani fedha za mkopo wa wanafunzi. Anza ya tatu, maliza ya nane, kabla testi hazijapamba moto. Kozi ya wiki nane au kumi inaangukia katikati ya testi, na mtu akishakosa vikao viwili mfululizo huoni tena sura yake.

Saa nayo ina hesabu zake. Ijumaa mchana kuna swala, Jumamosi utawakosa Wasabato, Jumapili asubuhi wengine wako kanisani. Kinachobaki ni jioni za katikati ya wiki. Tunakaa saa 10:15 hadi 11:45, yaani baada ya Alasiri na kabla ya Magharibi, na anayekaa Mbagala au Kimara anapata muda wa kugombania daladala. Angalia pia kama Ramadhani inaingia humo. Ikiingia, ahirisha futari ya kikundi lakini usiahirishe kikao.

Kundi liwe la watu sita hadi wanane na mwezeshaji mmoja. Kimbweta, yaani meza na viti vya zege vya nje pale chuoni, kinatosha, tena kinashinda ukumbi: ukumbini watu wanakaa nyuma na kusubiri mhadhara. Wakijiandikisha arobaini, usiwaweke pamoja eti kwa kuwa wawezeshaji ni wawili tu. Chukua kumi na sita, wengine waambie wasubiri semista ijayo.

Fomu ya kujiunga ina maswali mawili tu. Nakili saa zako huru kutoka kwenye ratiba yako. Halafu, eleza jambo moja ambalo uliwahi kubadili msimamo juu yake, na kilichokubadilisha. Hili la pili linachuja kuliko kuuliza matokeo ya kidato cha sita. Na andika juu kabisa kwamba hakuna posho wala nauli, maana swali hilo litakuja tu, na likija wiki ya pili linaondoka na watu.

Wiki ya kwanza naanza na kitu wanachokijua wote: safari ya kwenda kituo cha watoto yatima. Ninawapa bajeti ya kutunga. Watu 30, kila mmoja mchango wa shilingi 20,000, jumla 600,000. Fulana zenye nembo 300,000, kukodi Coaster 150,000, soda na maji 60,000. Inabaki 90,000 ya unga, sukari na sabuni. Kila mtu anapiga hesabu mwenyewe kwenye karatasi, kimya, dakika tano. Halafu nauliza: safari hii ni ya nani? Hapo mwezeshaji asicheke wala asikejeli, kwa sababu nusu ya walioketi wamewahi kuvaa fulana ile. Ukiwaaibisha, wiki zinazofuata watakujibu unachotaka kusikia.

Wiki ya pili ni ya ushahidi, na chandarua ndicho kinachofanya kazi kuliko mfano wowote nilioujaribu. Kabla ya kusoma chochote, kila mmoja anaandika kura yake: chandarua kigawiwe bure au kiuzwe kwa bei ndogo? Wengi huandika kiuzwe. Sababu yao: cha bure hakithaminiwi, watu watafugia kuku. Ndipo natoa utafiti wa Jessica Cohen na Pascaline Dupas, uliochapishwa 2010, uliofanyika kliniki za wajawazito magharibi mwa Kenya. Bei ilipopanda kutoka sifuri hadi senti 60 za dola, waliochukua walipungua kwa pointi 60 za asilimia. Na walionunua hawakuonekana kukitumia zaidi ya waliopewa bure. Rudisha karatasi za kura, waache wajisome.

Kosa la hapa ni mtu kuruka hadi kusema kila kitu kigawiwe bure. Uliza mara moja: utafiti ulihusu bidhaa gani, kwa nani, wapi? Dakika kumi za swali hilo ndizo somo lenyewe.

Wiki ya tatu na ya nne tunalinganisha matatizo: ukubwa wa kila moja, wangapi tayari wanalishughulikia, na kama nguvu zaidi zitabadilisha chochote. Ya tano tunapasua pendekezo halisi la kikundi chetu, na lazima liwe letu.

Usomaji mwingi ni wa Kiingereza, mjadala ni wa Kiswahili. Andaa muhtasari wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili na uutume WhatsApp kama maandishi ya kawaida. Faili kubwa halifunguliwi na mwenye bando la kuunga. Hata hivyo chukulia theluthi hawakusoma, na acha dakika kumi za kusoma palepale.

Mwezeshaji akishauliza, ahesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kufungua mdomo tena. Mtu mmoja aweke alama kwa kila anayezungumza. Karatasi hiyo kwa kawaida inaonyesha wavulana wawili wamekula kikao kizima. Dawa ni kuandika dakika tatu kabla ya kusema, kisha kuanza na aliye kimya.

Mazungumzo ya ana kwa ana, dakika ishirini kila mshiriki, nayaweka wiki ya tano. Ukiyaacha hadi baada ya sita, testi zimeshawatawanya. Naenda na orodha mkononi ya kazi tatu zilizo wazi kwenye kikundi, kila moja na jina la atakayempokea, na tusiachane kabla hajachagua siku ya kuanza.