Bushi za nyuma za Land Rover ya zamani: nyundo iweke pembeni kwanza

Mtu mwenye Land Rover Series akianza kusema gari inayumba nyuma, ukiachia mafuta inavuta upande, ukikanyaga tena unasikia kitu kinagonga huko chini, kitu cha kwanza anasingizia shokapu, akishabadilisha shokapu anahamia steringi boksi, na hela zinaendelea kutoka. Mara nyingi mchawi ni bushi za springi, yale mapete ya mpira na chuma ambayo bolti za springi zinapita ndani yake. Series III ya mwisho ilitoka kiwandani 1985, kwa hiyo hata ile changa kabisa imeshakula kama miaka 40, na kuna gari kibao ambazo bushi zake hazijawahi kuguswa toka siku hiyo.

Kuzikagua wala sio kazi. Ingia chini na tochi uangalie kile kibomba kidogo ambacho bolti inapita ndani yake, kinatakiwa kikae katikati ya duara. Kikiwa kimeshuka chini, kimelala upande, mpira umepasuka, au kuna unga mwekundu wa kutu unatoka pembeni, imekwisha hiyo. Kama una mashaka chomeka mtalimbo kati ya sheko (zile pleti mbili zinazoning'iniza mwisho wa springi) na chesisi usukume, utaona mwenyewe jinsi vinavyocheza.

Nyuma kila upande kuna bushi tatu: moja jicho la mbele la springi (lile tundu la mwishoni mwake), moja jicho la nyuma, na moja imeingizwa kwenye chesisi yenyewe pale sheko inaponing'inia. Jumla sita. Zile nne za kwenye springi hazinitishi, springi ikishatoka unaipeleka kwenye presi mambo yanaisha. Hizi mbili za kwenye chesisi ndio zinafanya watu wauze gari, maana chesisi huwezi kuibeba ukaipeleka kwenye presi bana.

Sasa kwa nini nimesema nyundo uweke pembeni. Bushi ya aina hii ni vitu vitatu, kibomba cha chuma cha nje, mpira katikati, kibomba cha ndani, na mpira umeshikana na chuma, springi inapocheza kinachojinyonga ni mpira, chuma hakisuguani na chuma. Kutu inashika sehemu mbili, kati ya bolti na kibomba cha ndani, halafu kati ya kibomba cha nje na tundu la chesisi. Ukigonga kibomba cha ndani mpira unameza pigo lote, cha nje hakina hata habari. Unaweza kugonga mpaka jioni. Kinachokubali ni kuifungua vipande vipande kutokea ndani kwenda nje: bolti kwanza, halafu kibomba cha ndani na mpira wake, mwisho kibomba cha nje.

Kabla hujashika spana, zuia magurudumu ya mbele na vigingi, mbele na nyuma yake, na hii naisisitiza kwa sababu hendibreki ya Series haishiki magurudumu, inashika shafti nyuma ya gia boksi. Ukiinua gurudumu moja tu la nyuma difu (gia inayogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya nyuma) inaliacha lizunguke, na gari inaweza kukuondokea huku hendibreki umeivuta mpaka mwisho. Stendi ziweke chini ya chesisi, jeki ibaki chini ya difu uwe unaipandisha na kuishusha taratibu mpaka bolti za sheko zisibebe mzigo. Fanya upande mmoja umalize ndio uhamie mwingine, hivyo difu haihami, na angalia ile paipu ya mpira ya breki isivutike.

Bolti za sheko zina ujanja wake. Pleti moja ya sheko ina thredi, yaani bolti imejifunga kwenye pleti, halafu nati inakuja juu kama loki. Mtu asiyejua anatoa nati, anaanza kugonga bolti itoke upande wa pili, inagoma, anaongeza nyundo, anaua thredi. Hiyo unaifungua kwa kuizungusha. Na ukiona inazunguka halafu inarudi yenyewe kama imefungwa raba, ujue kibomba cha ndani kimeshikana na bolti na unachozungusha ni mpira. Mimi hapo sibembelezi, nyunyiza oili ya kulegeza kutu jana yake kama una muda, ikigoma chukua greinda ukate bolti kati ya pleti na bushi pande zote mbili. Bolti mpya unanunua hata hivyo, ya zamani ikishaliwa na kutu pale katikati haifai kurudi.

Kutoa mpira kuna watu wanachoma na tochi ya gesi. Inafanya kazi, sikatai, ila moshi wa ule mpira ni sumu na kibomba cha ndani kinaweza kuchomoka ghafla, kwa hiyo usikae kimekuelekea usoni. Halafu kumbuka zile ndefu za 109 Station Wagon tenki la mafuta liko huko huko nyuma, na paipu za breki zinapita karibu. Jicho la springi ndio kabisa usilichome, unaharibu ugumu wa chuma. Mimi napenda drili, unatoboa mpira matundu mengi kuzunguka kibomba cha ndani, matundu yakikutana kibomba kinatoka na vipande vya mpira unavimalizia na kisu. Inachosha lakini hakuna moto.

Kinabaki kibomba cha nje na hapa ndio pa kuwa na subira. Chomoa blade ya msumeno wa chuma, ipitishe kwenye tundu, ifunge tena kwenye fremu yake ukiwa umeshaipitisha, halafu kata kwa urefu. Chuma cha kibomba ni chembamba kwa hiyo usikate kwa hasira, kila baada ya muda toa blade uangalie ule mstari, ukiona rangi ya kutu inatokea chini ya mkato umefika mpakani, simama. Usile chesisi! Kata mstari wa pili karibu na wa kwanza, kile kipande chembamba katikati unakiinua na tindo, na kikishatoka kibomba kizima kinalegea kinajikunja chenyewe. Hapo sasa nyundo inaruhusiwa.

Tundu lisugue na msasa mpaka chuma king'ae, paka grisi kidogo, bushi mpya iingize kwa kuivuta na bolti ndefu ngumu yenye wosha nene, upande wa pili weka kipande cha bomba ambacho bushi inaweza kupita ndani yake. Wosha ikandamize ukingo wa kibomba cha nje, sio mpira wala kibomba cha ndani, na ikianza kwenda mshazari irudishe uanze upya.

Wengi wataniambia weka poli, yaani bushi za plastiki ngumu (polyurethane) badala ya mpira. Poli ni nzuri kwa kazi hii kwa kweli, inakuja vipande viwili na kibomba cha ndani, hakuna cha nje cha kuoza, mara nyingine unaitoa kwa mkono. Ila Series na springi zake za pleti tayari inakurusha vya kutosha, mpira unapunguza kidogo, na poli ikikosa grisi inalia. Mimi nimebaki kwenye mpira.

Na ukiweka mpira, bolti zote usizikaze mpaka mwisho gari ikiwa juu ya stendi. Ukikaza springi ikiwa inaning'inia, mpira unafungwa hapo, halafu gari ikishuka chini unakuwa umenyongwa muda wote hata gari ikiwa imepaki, unachanika mapema. Kaza kwa mkono tu, shusha gari kwenye magurudumu, itikise nyuma springi zikae, halafu ingia chini ukaze bolti kwenye pleti ya sheko kwanza, loki nati mwisho. Ukishaendesha siku kadhaa rudi chini na spana upitie zote tena, na yubolti za difu (zile za umbo la U zinazoifunga kwenye springi) pia kama ulizifungua.