Siku Moja Maishani Mwangu: Msaidizi wa Mpima Macho Mjini Tororo, Uganda

Saa 1:15 asubuhi

Kabla mlango haujafunguliwa kwa wagonjwa, huchukua utepe na kupima tena umbali ambao nimekwisha kuupima mara nyingi mno: kutoka kiti cha mgonjwa hadi kioo cha ukutani, mita 3 kamili. Chumba chetu ni kifupi, ilhali chati ya Snellen, iliyobuniwa na daktari Mholanzi Herman Snellen mwaka 1862, husomwa kwa umbali wa mita 6. Kwa hiyo tumeitundika nyuma ya mgonjwa, juu ya kichwa chake, naye huitazama kwenye kioo kilicho mbele yake, mwanga ukiwa umekwenda mita 3 na kurudi mita 3. Mwanga utokao umbali huo hulifikia jicho ukiwa karibu sambamba, na jicho lisilo na kasoro huupokea bila kujikaza. Fundi wa rangi aliyekuja hivi karibuni alikisogeza kiti hatua moja mbele, na asubuhi nzima watu wa Tororo wakawa na macho mazuri kuliko kawaida yao.

Chati ya herufi imechapwa kinyume ili kioo kiinyooshe. Kwa wasiosoma tunayo chati ya E, ambayo mgonjwa huonyesha kwa mkono upande ambao vidole vya E vimeelekea. Nilipoanza kazi nilikuwa nikiuliza, "Kulia au kushoto?" na majibu yalinichanganya, kwa sababu mimi husimama karibu na kioo nikimkabili mgonjwa, na kulia kwangu ni kushoto kwake. Siku hizi nauliza, "Mlangoni au dirishani?" Mlango hauna kulia wala kushoto, E iliyoelekea mlangoni huelekea mlangoni kwangu, kwake, na ndani ya kioo pia.

Saa 2:40 asubuhi

Mgonjwa wa kwanza alikuwa dereva wa lori aliyetoka Mombasa na mzigo wa Kampala, baada ya kukaa kwenye foleni ya mpakani Malaba tangu juzi. Hapa kwetu mtu huingia akizungumza Kijopadhola, Kiteso, Kisamia au Kiganda, lakini Kiswahili ndicho tunachokutania, hasa kwa watu wa barabarani.

"Dada daktari, macho yangu yameisha," alisema kabla hajakaa.

Nilimweleza kwamba mimi si daktari bali msaidizi, kisha nikamwomba anieleze yameishaje. Maneno "macho yameisha" yaweza kumaanisha kutoona mbali, kutoona karibu, kuona vitu viwili viwili, kuwashwa, au hata kuchoka tu, na kila moja lina njia yake ya kupimwa. Kazi yangu kubwa, kwa maoni yangu, ni hiyo: kulipokea neno pana la mgonjwa na kulipeleka kwa mtaalamu wetu wa optometria, yaani mpima macho, likiwa jembamba. Ilibainika kwamba usiku vibao vya barabarani humfikia akiwa amekwisha kuvipita.

Nikamziba jicho la kushoto, kwa kuwa huanza na la kulia kila siku bila kubadilisha, hata mgonjwa akisisitiza kwamba la kushoto ndilo bovu. Kwenye fomu jicho la kulia huandikwa OD na la kushoto OS, vifupisho vya Kilatini ambavyo wapima macho wa nchi nyingi huvielewa, na yote mawili kwa pamoja huwa OU. Dereva alisoma 6/18 kulia na 6/12 kushoto. Alipochungulia fomu akauliza, kwa hofu ya kweli, kama jicho lake la kulia limebaki theluthi.

Swali hilo hulisikia mara kwa mara, na si la kuchekwa, kwa sababu maandishi yenyewe yana sura ya sehemu. Nilimwambia kwamba namba ya juu ni umbali aliokaa yeye, na ya chini ni umbali ambao jicho la kawaida lingeweza kukaa na bado likaisoma herufi ileile. Herufi ambayo mwingine angeisoma akiwa mita 18, yeye alihitaji kuisogelea hadi mita 6. Herufi za mstari wa 6/6 zina kimo kisichofika milimita 9, na ile kubwa ya juu kabisa, ya 6/60, ni mara kumi yake.

Kisha nikampa kifaa ninachokipenda kuliko vyote humu ndani, nacho ni kipande cha plastiki nyeusi chenye vitundu vya upana wa milimita 1 na kidogo. Kitundu hupitisha mwanga mwembamba wa katikati tu, ambao hauhitaji kupindwa sana ili uangukie mahali pake kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Mtu ambaye kasoro yake ni ya kupinda mwanga husoma vizuri zaidi kupitia kitundu. Asiposoma vizuri zaidi, shida huenda iko kwenye njia ya mwanga, kwenye retina au kwenye mshipa wa fahamu, na miwani peke yake haitamsaidia. Dereva alisoma 6/6 kwa macho yote mawili. Nilimpeleka kwa mtaalamu nikiwa na uhakika wa nusu ya jibu, na plastiki ile haitumii hata umeme.

Saa 4:10 asubuhi

Mvulana wa miaka tisa aliletwa na mama yake kwa kuumwa kichwa. Nikamkalisha mbele ya mashine inayokadiria namba ya miwani, nayo ikatoa -1.75 kwa kila jicho. Msaidizi mgeni angeishia hapo na kuandika kwamba mtoto haoni mbali. Lakini lenzi ya jicho la mtoto ni laini, hubinuka haraka anapotazama kitu cha karibu, na mtoto aliyebanwa uso kwenye mashine huitazama picha ya ndani kana kwamba iko puani pake. Nilimtoa nje ya mlango, nikamwambia autazame mwamba wa Tororo na kunihesabia miti anayoiona ubavuni. Akahesabu. Mtoto mwenye -1.75 asingeiona hata mmoja sawasawa.

Mtaalamu alimtia matone ya sikilopentoleti, ambayo huulegeza msuli unaoibinua lenzi na kuipanua mboni. Baada ya dakika 40 mashine ileile ilisoma +1.00, kiasi ambacho kwa umri wake hakihitaji miwani. Mama alipoziona mboni zimetanuka kama za paka gizani aliniuliza kama tumemharibia mwanawe. Nilimwambia mwanga utamsumbua na maandishi ya karibu yatamtia ukungu hadi kesho, na kwamba leo asipewe simu. Hilo la simu, mvulana alilipokea vibaya kuliko matone.

Saa 6:20 mchana

Umeme ulikatika. Mashine zikazima, lakini foleni haikupungua. Aliyefuata alikuwa mama mshonaji wa sokoni, mwenye miaka 46, aliyekuja na miwani ya kusomea aliyoinunua kwa mchuuzi bila karatasi yoyote. Alilalamika kwamba akiivaa huona uzi vizuri, lakini shingo na mgongo humuuma.

Kujua nguvu ya lenzi bila lensomita, mashine ya kuipima, ni ufundi ambao nadhani kila msaidizi angefundishwa kwanza, kabla ya kuonyeshwa vitufe vya mashine. Nilichora msalaba mkubwa kwenye karatasi, nikaibandika ukutani, nikaishika miwani mbele ya jicho langu na kuisogeza polepole kushoto na kulia. Mstari wa msalaba ulikimbia upande ulio kinyume na mkono wangu, na hiyo ni dalili ya lenzi mbinuko, yaani ya kujumlisha. Lenzi mbonyeo, ya kutoa, huufanya mstari uandamane na mkono. Baadaye nikaizungusha miwani kama usukani: mistari ya msalaba haikupishana kama makasi, kwa hiyo hapakuwa na silinda, nguvu ya lenzi ya uelekeo mmoja inayorekebisha astigmatizimu, yaani jicho kupinda mwanga bila usawa. Nikachukua lenzi za kutoa kwenye sanduku la majaribio, nikazigandamiza moja baada ya nyingine juu ya ile ya mama, mpaka nilipofika -2.50 na msalaba ukatulia tuli. Miwani yake ilikuwa +2.50.

Hapo ndipo dayopta inapoacha kuwa neno la vitabuni. Dayopta ni moja ikigawanywa kwa umbali wa fokasi katika mita, kwa hiyo lenzi ya +2.50 hukusanya mwanga kwenye sentimita 40. Mama huyu huona mbali bila shida, na akiivaa miwani hiyo, chochote kilichopita sentimita 40 humpotea ukunguni. Sindano ya cherehani yake iko mbali kuliko hapo. Nilimwomba akae kana kwamba anashona, nikapima kutoka jichoni hadi vidoleni, nikapata sentimita 55. Alikuwa akiinama siku nzima ili kuzifuata sentimita 15 alizonyang'anywa na miwani. Mtaalamu alimpa +1.25, ambayo humwachia nafasi hadi sentimita 80, na jicho lake lenyewe, ambalo bado lina uwezo kiasi wa kujikaza, likamalizia yaliyo karibu zaidi.

Saa 7:30 nilikula posho, yaani ugali, na maharage nikiwa nimesimama.

Saa 8:15 mchana

Mzee mmoja aliongozwa ndani na mjukuu wake. Jicho la kulia 6/60, la kushoto aliweza kuhesabu vidole tu, na kitundu hakikubadilisha lolote. Kwa tochi niliona mboni zake zimekuwa za kijivu. Nilipomwambia kwamba nataka kumpima presha ya macho, alinikatiza kwa upole.

"Binti yangu, presha nimepimwa kanisani Jumapili. Sina."

Neno hili presha limetukosesha wagonjwa wengi. Ile ya mkononi ni ya damu, na ya jichoni ni ya majimaji yaliyomo ndani ya jicho, ambayo kwa kawaida huwa kati ya milimita 10 na 21 za zebaki. Mtu aweza kuwa na moja bila nyingine. Ikipanda huweza kuutafuna mshipa wa fahamu wa jicho, maradhi yaitwayo glakoma, na mara nyingi hayaumi kabisa. Tangu hapo husema "ukali wa maji ya jicho" kwanza, kisha ndipo nitaje presha. Vipimo vilikuwa 15 na 16. Mtaalamu alithibitisha mtoto wa jicho pande zote mbili na kumwandikia barua ya kwenda hospitali ya rufaa ya Mbale kwa upasuaji. Mzee alikuwa amekuja kununua miwani, na ilinichukua muda kumweleza kwamba lenzi ya nje haiwezi kumsaidia wakati lenzi yake ya ndani imeingia ukungu.

Saa 9:40 alasiri

Umeme uliporudi nilihamia kwenye benchi la miwani, ambako nina kumbukumbu isiyonipendeza. Mwaka wangu wa kwanza, nilipokuwa kwenye duka jingine, niliandika agizo la mwalimu mmoja lenye silinda ya -1.50 kwa mhimili, yaani uelekeo wa silinda hiyo, wa nyuzi 18, na kwa unadhifu nikaweka kiduara cha nyuzi juu yake. Karakana ilikisoma kiduara kama sifuri, ikaukata mhimili kwenye 180. Mwalimu alirudi baada ya siku tatu akisema sakafu ya darasa imeinama. Sasa siandiki kiduara kamwe. Naandika 018, kwa tarakimu tatu, na ninapopiga simu naitamka tarakimu moja moja: sifuri, moja, nane. Vivyo hivyo alama za kujumlisha na kutoa huziandika kubwa kuliko namba zenyewe, ingawa mtaalamu hunitania kwamba mwandiko wangu ni wa kibao cha duka.

Umbali kati ya mboni nao hausamehe. Kitovu cha lenzi ya dayopta 6 kikipishana na mboni kwa milimita 5, lenzi huupinda mwanga kando kwa prizimu 3, kipimo cha kupinda huko, na mvaaji huumwa kichwa asijue kwa nini.

Saa 11:20 jioni

Dereva alirudi kuchukua miwani yake, -1.00 kulia na -0.75 kushoto. Niliipima tena kwenye lensomita, nikaangalia umbali wa mboni, milimita 66, nikainyoosha mikono ya fremu nyuma ya masikio yake. Alitoka hadi ukingoni mwa barabara na kusoma kwa sauti namba za malori yaliyokuwa yakielekea Malaba, moja baada ya nyingine, pamoja na majina ya kampuni na aya za dini zilizoandikwa nyuma ya matela. Aliporudi ndani aliomba nimwandikie namba mpya ya jicho lake la kulia kwenye kikaratasi cha kumwonyesha mkewe.

Niliandika 6/6.

"Kwa hiyo sasa ni jicho zima," alisema, akakikunja kikaratasi na kukitia kwenye leseni yake.