Chenga nyeusi mguuni mwangu

Kwa miaka mitatu niliambiwa nimekanyaga uchawi, kumbe ni ugonjwa uitwao maisetoma, na wangu ni wa fangasi. Shangazi yangu wa Bahi ndiye aliyeanza, majirani wakadakia. Nilichokanyaga nakijua: mwiba wa mgunga, nikiwa machungani na kandambili. Niliuchomoa nikaendelea na ng'ombe. Uvimbe ulikuja polepole, mgumu, hauumi, na kutouma huko ndiko kulikoniponza. Baadaye vikafunguka vitundu vinavyotoa majimaji.

Dawa za kupaka nimemaliza duka zima. Kituo kimoja walinikwangua ngozi ya juu, wakapima, wakasema hakuna fangasi. Hapo ndipo penye hasira yangu mpaka leo: fangasi hawa wanakaa ndani ya nyama, magamba ya juu yatakuonyesha nini?

Nesi mmoja mtu mzima ndiye aliyeniuliza kama vitundu vinatoa chembe. Nikamwambia huwa naona vitu vyeusi kama chenga za mkaa, nadhani ni vumbi, nafuta. "Mwanangu, usizifute tena. Ugonjwa wako ndio huo."

Akanifundisha. Usiku nikaosha mguu, nikaukausha, nikafunga bandeji nyeupe safi juu ya vitundu, juu yake soksi ili isihame. Alfajiri nikaifungua dirishani, taratibu. Chenga saba zimenasa kwenye nyuzi! Ngumu, moja niliibonyeza kwa kucha isipasuke. Bandeji nzima nikaitia kwenye kichupa cha maabara, bila spiriti, maana spiriti inaua fangasi, na wakifa hawaoti tena.

Nikapanda basi hadi Moshi, hospitali ya rufaa ya KCMC. Daktari akaponda chenga moja, akaiweka kwenye darubini, akaona nyuzinyuzi za fangasi. Hata hivyo wakakata kinyama cha ndani, wakapiga na eksirei kuona kama mfupa umeguswa. Kuwaotesha fangasi maabara ili wajulikane ni aina gani kulichukua wiki kadhaa. Jibu: maisetoma, fangasi aitwaye Madurella mycetomatis. Ni ugonjwa ambao Shirika la Afya Duniani (WHO) liliuingiza kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mwaka 2016, na kweli mimi nilisahaulika.

Msikubali kutibiwa kwa kukisia. Ipo maisetoma ya bakteria, kwa nje zinafanana sana, na hiyo dawa yake ni antibayotiki. Yangu ni itrakonazoli, dawa ya fangasi, miezi na miezi. Dume moja la ng'ombe limeondoka, nauli juu.

Sasa nina miezi tisa kwenye vidonge. Vitundu vimefunga, na Jumapili iliyopita nilivaa kiatu cha kamba, miguu yote miwili.