Som tam ilinifundisha adabu

Mimi mtoto wa Tanga, pilipili nilidhani naijua. Siku ya pili Bangkok nikaagiza som tam, ile kachumbari ya papai bichi inayotwangwa kinuni na pilipili, ndimu na mchuzi wa samaki. Lo! Masikio yaliziba, machozi na makamasi vikashuka pamoja. Mama muuzaji akanisogezea kipande cha kabichi mbichi huku anacheka.

Kesho yake nikaanza upya, kwa unyenyekevu. Khao man gai: kuku wa kuchemsha, wali uliopikwa kwa supu na mafuta ya kuku huyohuyo, vipande vya tango na kibakuli cha supu pembeni. Ukali wote uko kwenye sosi, unachovya kadiri ya ubavu wako. Kama hujawahi kula cha Kithai, anzia hapo. Na jifunze kusema "mai phet", yaani kisiwe kikali (ingawa ukali wao na wetu si mmoja).

Halafu massaman. Jamani! Nyama, viazi, karanga, tui la nazi, iliki, mdalasini. Tonge la kwanza tu nikamkumbuka bibi. Jina lenyewe linahusishwa na Waislamu, na viungo vyake vinanukia kama jiko la pwani siku ya Idi.

Mwisho nikala wali wa kunata uliomwagiwa tui la sukari, na embe bivu juu. Nikamtumia shangazi picha. Akajibu: "Wali kwa embe? Mwanangu, umeishiwa?"