Chaza, Kaa na Swali Nililomuuliza Mhudumu

Nakiri mapema kwamba sikwenda kwenye chakula kile cha jioni kwa sababu ya huruma. Nilikwenda kwa sababu ya kaa. Mkahawa ulikuwa umetangaza kwamba sehemu ya mapato ya usiku huo ingechangia kazi ya kurejesha miamba ya chaza baharini, nami, niliyekuwa nikitafuta kisingizio cha kula nje kwa muda mrefu, nikaona kwamba kisingizio kizuri kuliko hicho hakitapatikana.

Kaa anafaa sana kwa hafla ya namna hii, kwa kuwa mlaji wa haraka hawezi kumfaidi. Unalivunja gando, unaichokoa nyama kwa ncha ya uma, mchuzi unakutiririkia mpaka kwenye kiwiko, na hata simu ikilia huwezi kuishika. Mezani tulikuwa watu sita, wawili kati yao sikuwa nimepata kuwaona, na kabla sahani hazijaondolewa tulikuwa tumekwisha kuelekezana namna ya kutoa mnofu wa gando bila kuupasua.

Kisha wakaja chaza, na pamoja nao ndoo ndogo ya bati. Tuliombwa tutie humo makombe matupu ya chaza, wala tusiyachanganye na maganda ya ndimu au karatasi za kufutia mikono. Sababu yake ilinifurahisha kuliko hotuba zote za usiku ule. Kinda wa chaza huelea majini kwa muda wa wiki mbili hivi au tatu, kisha hutafuta kitu kigumu cha kujishikiza, na akishajishikiza hapo ndipo makazi yake ya maisha. Kitu anachokipenda zaidi ni kombe la chaza mwenziwe. Pale ambapo miamba imevunwa hadi ikabaki tope tupu, makinda hukosa pa kushika, na ndiyo maana makombe ya mikahawani hukusanywa, huanikwa nje kwa miezi kadhaa ili mabaki na vimelea vife, halafu hurudishwa baharini. Chaza mmoja mzima, hali ya maji ikiwa nzuri, anaweza kuchuja hadi lita 190 kwa siku. Niliitazama ndoo yetu iliyokuwa inajaa, nikaanza kula kwa bidii zaidi.

Kilichonipendeza vilevile ni kwamba orodha ya vyakula haikuipinga shabaha ya hafla. Taarifa ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ya mwaka 2024 inaeleza kwamba zaidi ya theluthi moja ya akiba za samaki zilizochunguzwa duniani zinavuliwa kupita kiasi, kwa hiyo ni kichekesho kuichangia bahari huku sahanini amelala samaki anayekaribia kwisha. Chaza na kome wa kufugwa hawana tatizo hilo, kwani hawalishwi chochote na mfugaji. Hujilisha wenyewe kwa viumbe vidogo vinavyoelea majini. (Mwenye mzio wa samakigamba, bila shaka, atoe mchango wake kwa njia nyingine.)

Bili ilipokaribia nikauliza swali ambalo huwaudhi wenzangu: sehemu hiyo ya mapato ni ya mauzo au ya faida? Tofauti yake si ndogo. Niliwahi kuhudhuria hafla nyingine iliyoahidi sehemu ya faida. Tulikula, tukapiga makofi, tukapigwa picha, na baadaye tukaelezwa kwamba gharama za muziki na mapambo zilipotolewa hakikubaki kitu. Tangu hapo huuliza mambo matatu kabla ya kulipa: ni asilimia ngapi, ya kitu gani, na nani atakayeipokea. Mwenye hesabu safi hujibu bila kukunja uso.

Mhudumu, kijana mwungwana, hakubahatisha. Aliomba ruhusa akamwulize meneja, nasi tukabaki kimya kidogo, jirani yangu akinitazama kama mtu aliyeharibu sherehe. Aliporudi alisema kwamba ni asilimia 10 ya mauzo yote, vinywaji vikiwemo, na kwamba jina la wapokeaji limeandikwa chini ya risiti. Jirani yangu, ambaye alikuwa amekwisha kuikunja leso yake, akaikunjua tena na kuagiza sahani nyingine ya chaza.