Baki ya pesa za moyo

Ramadhani hii, tukishafuturu tu, mwanangu hushika rimoti kutafuta vituo vya Misri, na tangazo ni lile lile: watoto wenye makovu kifuani, kisha nambari ya akaunti ya taasisi ya moyo ya Magdi Yacoub, yule Mmisri mpasuaji wa moyo. Juzi akaniuliza, "Mama, kwani serikali yao haina pesa?" Nikamkumbuka ami na bakuli lake la plastiki.

Ulikuwa ule mwaka wa binamu. Koo lilimuuma utotoni likaachwa lipoe lenyewe, viungo vikavimba, na miaka baadaye vali ya moyo ikawa imekakamaa. Mtaa ukachanga, msikiti ukachanga, jamaa wa Oman wakatuma. Pesa za kumpeleka India zikatimia, zikazidi.

Usiku wa kuhesabu tulikaa barazani, Kibokoni, Mombasa, baada ya isha. Ami alizinyoosha noti pajani moja moja na kuzipanga kwa rangi. Za elfu, zilizokuja zimeviringishwa, zilikataa kulala. Sarafu za 20 ziligandana kwa halua ya mtu. Daktari kijana aliyekuwa akimtibu binamu akachora moyo ubavuni mwa katoni ya maji. "Hapa pana mlango," akasema, "bawaba zimeshika kutu. Damu haipiti, yarudi mapafuni." Kisha, bila kuinua macho, akaomba ile baki ianzishe mfuko: watoto wa shule na madrasa wapimwe moyo mapema, iandikwe ni wangapi wameguswa na maradhi haya, na hao wapate penisilini, sindano kila wiki 3 au 4, kabla vali haijaharibika.

Akatutolea mfano wa Misri. Yacoub alifiwa na shangazi yake, mwanamke kijana, kwa vali kama hiyo hiyo, akaamua atakuwa daktari wa moyo. Kituo chake cha Aswan kilianza 2009. Watu watibiwa bure, michango ndiyo yakiendesha, na watafiti wana maabara yao humo humo.

"Na sisi shangazi zetu wamekufa, daktari," akasema ami. Wazee wakacheka. Kisha akakaza uso. "Watu wametoa kwa mtoto huyu. Wamjua, na babake wamjua. Nikiwaambia pesa zao zimeingia kwenye kuhesabu wagonjwa, wataniuliza nimejenga wapi. Hii ni amana. Nia ya mtoaji haigeuzwi."

Sikuona pa kumkosoa, na hata leo sipaoni vizuri. Daktari akamaliza kahawa yake. "Na yule mtoto wa pili," akauliza, "ambaye bado hatumjui jina?"

Mtu akapitisha sahani ya halua.

Binamu alikwenda, akapasuliwa, akarudi. Siku hizi ana tuktuk na ugomvi na kila askari wa kaunti. Daktari alihamishwa, tukapotezana.

Mwanangu nilimjibu kwamba pesa za kumtibu mgonjwa aliyelala mbele yako zapatikana, za kumtafuta ambaye bado anacheza mpira ndizo nzito. Akabadilisha kituo.

Ile baki? Mwaka uliofuata ilinunua feni za madrasa, na siku hiyo sikusikia mtu akitaja nia ya mtoaji. Nilimuuliza ami. Hakukasirika hata kidogo.

"Feni, mwanangu," akasema, "mtu akiingia aziona."